Chapman wa Kambi ya Mkonge

Mume wangu aliitwa Rogers Chapman, na katika miaka thelathini na nane ya ndoa yetu sikumbuki ofisi tuliyoingia pamoja ambayo karani hakuinua macho kutoka kwenye fomu. Analitazama jina, anatutazama sisi, analitazama jina tena. "Chapman? Sasa Mzungu mwenyewe yuko wapi?" Rogers alikuwa Mluguru wa Matombo, wa baba na mama, na swali hilo lilimchekesha siku zote. Mwenye kujibu nilikuwa mimi.

Jibu langu lilikuwa tayari. Nilieleza kwamba baba mkwe wangu, Mzee Raphael Chapman, alifanya kazi ujanani katika shamba la mkonge upande wa Kilosa, na kwamba meneja wa shamba lile, Mwingereza aliyeitwa Bwana Chapman, alimpenda kwa uaminifu wake hata akamsimamia ubatizo na kumpa jina la ukoo wake. Nililisema hilo benki, hospitali, kwenye usajili wa vitambulisho, na katika shule nilikofundisha historia na Kiingereza mpaka nilipostaafu. Nililiandika hata katika kijitabu cha jubilei ya parokia yetu hapa mjini Morogoro. Watu waliitikia kwa heshima, nami niliipenda ile heshima. Sioni haya kukiri. Nimezaa watoto wanne kwa jina hilo na sikutaka wachekwe kwa sababu yake.

Mwaka huu Rogers alitimiza miaka mitatu tangu tumzike. Tukapanga misa ya kumbukumbu kulekule Matombo, na familia ikaniomba kwamba baada ya misa nisome mbele ya wageni historia ya jina la Chapman, kisha kila mgeni aondoke na nakala yake. Nikaona kazi imempata mwenyewe. Nilianza na Uingereza, kwa sababu mwalimu wa historia haanzi katikati. Binti yangu mkubwa, Winfrida, anayefanya kazi Dodoma, akaahidi kunitafutia asili ya jina lenyewe huko mtandaoni.

Alinipigia siku ya Jumanne.

"Mama, umekaa?"

"Nimesimama jikoni, nachemsha maharage. Sema."

"Chapman maana yake mchuuzi."

"Nini?"

"Mchuuzi, Mama. Machinga! Mtu wa kubeba bidhaa mgongoni anapita kijiji hadi kijiji. Miaka yote unatuambia tusitembee na soksi zilizotoboka kwa sababu sisi ni akina Chapman, kumbe sisi ndio wauza soksi."

Alicheka mpaka simu ikakatika. Mimi nilizima jiko nikakaa. Nilikuwa nimetegemea ngome, au walau shamba kubwa lenye geti.

Lakini nikajituliza, nikaisoma habari ile aliyoituma, na kwa kweli ilinivutia. Waingereza nao zamani hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa na jina lake moja tu, na ili asichanganywe na mwingine wakamwongezea kazi yake, au mahali anapokaa, au jina la baba yake, au umbo lake. Mwana akiacha kazi ya baba, nyongeza ilibadilika. Kisha, kama miaka mia saba iliyopita, serikali ya mfalme ilitaka kuwahesabu watu na kuwatoza kodi. Makarani wakaandika orodha, na kilichoandikwa kwenye orodha kikaanza kumfuata mtoto na mjukuu hata kama mjukuu ni seremala. Ndivyo mchuuzi mmoja, au wachuuzi wengi wasiojuana, walivyozaa akina Chapman wote. Nikaandika "mfanyabiashara" badala ya "mchuuzi", nikaona pamekaa vizuri. Nikaendelea hadi kwa Bwana Chapman wa mkongeni, nikamaliza kwa Rogers. Kurasa sita.

Wiki mbili kabla ya misa nilipanda Matombo kumsomea mama mkwe wangu, Bibi Filomena, apate kusikia kabla ya wageni. Ana miaka themanini na tisa. Macho yamefifia lakini masikio yake yanasikia ndizi ikianguka shamba la pili. Nilimkuta barazani akipukuchua pilipili manga kutoka kwenye vikonyo, amekaa na jirani yake Zuhura. Zuhura ni mtani wa ukoo wa mume wangu, na kwa Waluguru mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote, wakati wowote, hata mbele ya jeneza. Kwangu hajawahi kuiacha ruhusa hiyo ilale.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umefika na vumbi lote la barabara."

"Mwalimu huyo!" akasema Zuhura. "Viatu vya ngozi kwenye tope. Leo unamsahihisha nani?"

Nilikaa, nikavaa miwani, nikasoma. Nilisoma vizuri, nayo yalikuwa maandishi mazuri. Bibi Filomena alisikiliza bila kusimamisha vidole. Nilipofika kwa meneja, vidole vikasimama.

"Ngoja. Huyo Mzungu ni nani?"

"Ni Bwana Chapman, Mama. Msimamizi wa Baba wa ubatizo."

"Nilikaa kambi ile miaka sita. Meneja alikuwa Mgiriki, tena alikuwa hasalimii watu. Huyo Chapman wako sijamwona."

"Labda aliondoka kabla hujafika."

"Mkwe, nani alikupa habari ya huyo Mzungu?"

Nilifungua mdomo niseme "Rogers". Halafu nikatafuta kichwani siku ambayo Rogers aliniambia habari ya meneja, na sikuiona. Nilichokikumbuka ni Mzee Raphael mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, akiulizwa nami kwa adabu zote jina limetoka wapi, akasema, "Nilipewa na mtu aliyeniamini," kisha akatoka nje. Basi. Hayo tu. Mwingereza, umeneja, ubatizo na uaminifu niliviongeza mimi, kidogo kidogo, ofisi hadi ofisi, kwa sababu nilidhani mtu wa kumpa mwenzake jina la Kiingereza hawezi kuwa mwingine.

Zuhura alikuwa ananitazama.

"Mwalimu," akasema, "umemzaa Mzungu mzima bila hata kichefuchefu!"

"Zuhura, nyamaza," alisema Bibi Filomena. "Mkwe, weka karatasi chini. Chapman alikuwa mtu mweusi kama wewe. Alikuwa manamba."

Manamba ni wale vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, wakaitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba. Katika familia niliyozaliwa mimi, neno hilo lilikuwa la kumtukania mtu. Nikasema, "Baba alipewa jina na manamba?"

"Baba yenu hakuwa Raphael. Alikuwa Yunusi. Yunusi Mwinshehe, wa hapohapo juu, nyumba ya pili kutoka mtoni."

Nitaieleza habari hii kwa mpango, ingawa Bibi Filomena aliitoa kwa kurudi nyuma na kwenda mbele.

Mwaka 1955 serikali ya Waingereza ilikuwa inawalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao ili udongo usiporomoke. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na mazao hayakuongezeka. Watu walikusanyika hapa Matombo, maneno yakawa makali, mawe yakarushwa, askari wakafyatua risasi. Yunusi alikuwa na miaka ishirini na nne na mkono mzuri wa kurusha jiwe. Kesho yake jina lake lilikuwa kwenye orodha ya polisi. Akashuka kwa njia za porini mpaka mashamba ya mkonge, mahali penye watu wengi wa makabila mengi ambapo sura mpya haishangazi mtu.

Kambini alilala chumba kimoja na kibarua mmoja kutoka kando ya Ziwa Nyasa. Huyo ndiye Raphael Chapman. Alikuwa mgonjwa wa kifua. Kila kibarua alikuwa na kipande, kadi yenye visanduku thelathini, na kila siku ya kazi karani alitia alama kwenye kisanduku kimoja. Mgonjwa ambaye kadi yake haisogei alikatwa posho ya unga, kisha akatolewa kambini. Ilikuwa desturi ya manamba kwamba mzima amfanyie kazi mgonjwa kwa kadi ya mgonjwa, wagawane unga, mpaka apone. Karani hakuangalia sura, aliangalia kadi. Raphael akamwambia Yunusi, "Chukua kipande changu. Nikipona utanirudishia." Yunusi alikuwa hana kadi, na alikuwa anamkimbia askari. Akachukua.

Raphael hakupona. Alikufa baada ya wiki tano.

"Sasa sikiliza," alisema Bibi Filomena. "Nyapara alikuwa mtu wa huruma, au mtu mjanja, sijui. Alisema, tukimwandika Chapman amekufa, kadi inakufa, na huyu Mluguru anakamatwa kesho. Akamwandikisha marehemu kwa jina la Yunusi Mwinshehe wa Matombo. Wakamzika hivyo."

"Wakamzika Chapman kwa jina la Baba?"

"Kwa jina la baba yenu. Na habari ikaletwa hapa. Polisi wakalikata jina. Mama mkwe wangu alilia siku saba juu ya mkeka. Mimi nilikuwa mchumba. Nilinyoa nywele hizi. Miezi mitatu baadaye akaja mtu muuza vikapu, akaniambia, yule marehemu wako anakuita, usimwambie mtu njiani."

Zuhura alitaka kucheka akaona uso wangu akaacha.

Bibi Filomena alikwenda. Wakafunga ndoa kule, yeye akiwa Mkatoliki wa misheni na mume akiwa tayari anaitwa Raphael kwa kadi. Rogers akazaliwa katika zahanati ya shamba, akaandikwa Rogers Raphael Chapman, kwa sababu mtoto wa kibarua aliandikwa kwa kadi ya baba yake.

"Uhuru ulipokuja," nikauliza, "kwa nini hakurudi kwenye jina lake? Nani angemkamata?"

"Arudi vipi? Cheti cha mtoto Chapman, cheti cha ndoa Chapman, na Yunusi yuko kaburini. Angemwendea nani amwambie, bwana, mimi ndiye yule maiti?"

"Na watu wa hapa?"

"Watu wa hapa!" Zuhura hakuweza tena kujizuia. "Mwalimu, mzee alipokufa mwaka tisini na nne, sisi watani tulikuja na vipande vya boksi shingoni, vimeandikwa namba. Tunapita mbele ya jeneza tunaita, karani, tia alama, leo amemaliza siku thelathini! Ukatoka ndani na fagio, ukatufukuza. Ukasema tunacheza bahati nasibu kwenye msiba."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata rangi ya fagio. Matombo nzima ilijua. Nilikuwa nimesimama kwenye msiba ule kama mke wa mtoto mkubwa, nimevaa nguo nyeusi niliyoshonewa mjini, na kila aliyenipa mkono alijua kitu ambacho mimi sikukijua.

"Rogers je?" nikauliza. "Rogers alijua?"

Bibi Filomena alikichukua kikonyo cha pilipili akakizungusha. "Alijua ya kadi. Nilimwambia siku moja akueleze, kwa sababu nilisikia unasema mambo ya Mzungu. Akasema, mwache Mwalimu, Mama, ananieleza vizuri kuliko nilivyo."

Nilisimama, nikaenda hadi kwenye mgomba, nikarudi. Miaka thelathini na nane mtu yule alikaa kando yangu kwenye mabenchi ya ofisi akicheka, nami nilidhani anamcheka karani.

Nilipokaa tena niliona Bibi Filomena hajamaliza. Alimwomba Zuhura akamletee maji ya kunywa, na Zuhura, ambaye si mjinga, alikwenda kuyatafuta mbali.

"Yule Chapman alikuwa na mke," alisema. "Kwao, ziwani. Barua zilikuja. Tatu. Zilikuja kambini kwa jina lake, kwa hiyo zilikuja kwetu. Yunusi hakujua kusoma. Mimi nilifika darasa la nne misheni. Nilizisoma mimi."

"Zilisema nini?"

"Ya kwanza salamu. Ya pili, kwamba mtoto aliyemwacha tumboni amezaliwa, wa kike. Ya tatu, kwamba mtoto anatembea sasa, na kwamba asipopata jibu atakwenda kwa bwana shauri wa wilaya aulize mume wake yuko wapi. Nilikuwa na mimba ya Rogers. Bwana shauri akiuliza, wangekuja kumtazama huyo Chapman. Nikaandika jibu."

"Uliandika nini, Mama?"

"Niliandika, mimi mzima, kazi nyingi, usije, nitakuja mwenyewe mkataba ukiisha. Nikaandika jina lake chini. Mkono wenyewe ni huu."

Aliuweka mkono ule juu ya goti langu, mweusi kwa utomvu wa pilipili. Sikuweza kuushika. Nasema kweli. Nimemheshimu mwanamke yule zaidi ya mama aliyenizaa, na sikuweza kuushika mkono wake.

"Hakuandika tena," alisema. "Sijui kilichompata. Mtoto alikuwa anaitwa Winfrida."

Mwaka 1985 nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Mzee Raphael alishuka kutoka Matombo akiwa na kuku wawili, akaomba, jambo ambalo hakulifanya tena kwa mjukuu mwingine, kwamba mtoto aitwe Winfrida. Niliona ni jina zuri la Kikristo.

"Mkwe, usiisome hiyo karatasi," alisema Bibi Filomena. "Soma hiki nilichokuambia. Watafute watu wale waambiwe, mimi nikiwa hai. Nikifa kabla hawajaambiwa, nimekwenda na mtu wao."

Nilimjibu kwamba nitafikiri. Sikumuaga vizuri.

Nilirudi mjini, na kwa siku tatu sikumpigia simu mtu. Niliamua kuisoma karatasi yangu kama ilivyo. Nilijiambia kwamba yule mwanamke wa ziwani bila shaka ameshakufa, kwamba kuwatangazia wageni, paroko na wafanyakazi wenzake Rogers kwamba baba yake aliishi kwa kadi ya maiti ni kumwaibisha marehemu asiyeweza kujitetea, na kwamba Bibi Filomena ni mzee na uzee huja na mambo. Niliyapanga haya kama hoja za mtihani. Kila nilipofika mwisho nilisikia, "Mkono wenyewe ni huu."

Siku ya nne nilimwambia binti yangu. Safari hii hakucheka. Aliuliza kijiji kinaitwaje, nikamtajia jina ambalo Bibi Filomena alilikumbuka kutoka kwenye barua zile. Ofisini kwao yupo mtu wa kule. Miaka sabini ya kimya, na ilichukua Jumatatu hadi Alhamisi kupata namba ya simu.

Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito.

"Shikamoo, Mama," nilisema. "Naongea na Winfrida Chapman?"

"Marahaba. Ndiye. Nani wewe?"

Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema. Nilisema tu, "Naitwa Esther Chapman. Wa Morogoro."

Halafu akasema, pole pole, "Kwa hiyo ni kweli. Alioa huko."

"Hapana, Mama."

"Usinifiche, mwanangu. Mimi ni mtu mzima. Mama yangu alipata barua moja, inasema nakuja. Alifagia uwanja kila Jumamosi. Mkataba ukaisha, hakuja. Waliorudi kutoka mkongeni wakasema Chapman yupo, yuko kazini kila siku, jina linaitwa kila asubuhi, ana mke Mluguru na mtoto. Unajua walimwimbia nyimbo mama yangu? Kisimani. Mwenye mume wa barua, walimwita. Nimekua na jina hilo, mtoto wa barua. Mama alikufa akiliitikia lake. Basi niambie tu, baba yangu aliwapenda ninyi?"

Nilikuwa nimekaa mezani, na kurasa sita zilikuwa mbele yangu. Maisha yangu yote ya ndoa nimelinda jina la Chapman lisitiwe doa. Haikunijia hata siku moja kwamba kulikuwa na nyumba nyingine yenye jina hilohilo, iliyobeba doa letu sisi.

Nikamwambia. Nilimwambia lote, pamoja na mkono ulioandika barua. Kuna mahali nilishindwa, akasema, "Endelea, mwanangu, nasikia." Nilipomaliza sikujua kama analia au anapumua tu.

"Kwa hiyo alikufa kabla hata sijazaliwa," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hakuoa."

"Hakuoa."

Ni yeye aliyenipa, siku ile, historia ya kweli ya jina, mahali pa ile niliyoitunga mimi. Babu yake alikuwa mpishi wa fundi mmoja Mwingereza aliyekuja kujenga kanisa la misheni kwao. Fundi yule alikufa kwa homa kabla ya kuezeka paa. Hakuwa na mke wala mtoto, na babu ndiye aliyemwosha na kumzika. Siku alipobatizwa, padri alimuuliza anataka jina gani, akasema Chapman, ili bwana yule asiwe amepotea kabisa. Basi. Hakukuwa na meneja wala upendeleo. Mwafrika alimhurumia Mzungu aliyekufa peke yake.

"Mama," nilimuuliza, "mnataka tuliache jina?"

"Mliache vipi, mmeshazaliana nalo? Kaeni nalo. Mimi nataka kitu kimoja. Hayo uliyoniambia yasemwe hapa kanisani, mbele ya watoto wa waliomwimbia mama yangu. Useme wewe, siyo mimi. Mimi nimesema tangu nikiwa mtoto, hawakuniamini."

Misa ya Rogers ilifanyika Jumamosi iliyofuata. Wageni walijaa. Nilisimama bila zile kurasa sita na nikaeleza, kuanzia matuta hadi barua. Nilimwona paroko akishusha macho. Shemeji yangu, mdogo wake Rogers, ambaye anaitwa Mwinshehe na ambaye jina lake sikuwahi kuliuliza limetoka wapi, alisimama kabla sijamaliza.

"Shemeji, umetuvua nguo mbele ya watu. Mama ni mzee. Kwa nini umemtaja Mama?"

"Kwa sababu mimi nimemwambia anitaje," alisema Bibi Filomena kutoka kwenye kiti chake. "Kaa chini, Mwinshehe. Ulikuwa hujazaliwa."

Hakukaa. Alitoka na watoto wake, na mpaka ninapoandika hajarudi kwangu. Wenzake Rogers waliondoka mapema, wakiniaga kwa ncha za vidole. Hata Zuhura alinipita bila neno la utani, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Jumapili nilibaki Matombo. Tulikaa barazani, mimi, binti yangu na Bibi Filomena, simu juu ya kinu kilichopinduliwa. Kule ziwani ibada ilikuwa imekwisha lakini kasisi alikuwa amewaomba watu wasitoke, akaiweka simu yake kwenye kipaza sauti. Tulisikia watu wakikohoa, watoto, benchi likiburutwa. Bibi Filomena alikuwa ameushika mkono wangu, au mimi nilikuwa nimeushika wake.

Nikajitambulisha. Nikasoma nilichokiandika, kifupi, kwa sauti niliyotumia darasani.

"Raphael Chapman wa kijiji hiki hakumwacha mke wake. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua katika kambi ya mkonge, mwaka 1955, akimsubiri mtoto wake azaliwe. Chapman aliyeitwa kila asubuhi baada ya hapo alikuwa mtu mwingine, baba mkwe wangu, aliyetumia kadi yake. Barua aliyopokea mke wake iliandikwa na mama mkwe wangu, ambaye yuko hapa kando yangu na anaomba radhi. Mke wa Raphael Chapman alisema kweli."

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha mwanamke mmoja, mzee kwa sauti yake, siyo Winfrida, akasema mahali fulani mbali na simu:

"Mwambieni arudie hapo pa mke."

Nikarudia.